Nimeitwa nikacheze resi za ngalawa Mafia na sijawahi kupanda ngalawa hata siku moja, wajuvi njooni

Fundi Msimbazi

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu, mimi ndo nashuka kwenye daladala saa hizi nimesimama kuanzia Kariakoo mpaka Rangi Tatu miguu haina kazi tena.

Iko hivi. Mimi ni fundi simu, nimezaliwa Temeke nimekulia Temeke, bahari naijua ile ya Coco na ile unayoiona ukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni, basi. Ila asili ya mzee wangu ni Mafia. Juzi ba'mdogo kanipigia, mwisho wa mwezi huu kijijini kwao wanaweka resi za ngalawa, vijiji vya jirani vyote vinakuja, zawadi ya kwanza mbuzi, na yeye ndo nahodha wa chombo chao. Mtu wake mmoja kaenda msibani Mtwara na haeleweki atarudi lini. Akaniambia njoo, we mwili unao, nakuhitaji. Nikamwambia ba'mdogo mimi hata tanga sijui linafungwaje, akacheka sana akasema we hutashika tanga. Salio likakata hapo hapo.

Sasa nimebaki najiuliza, kama sishiki tanga nakwenda kufanya nini?

Nina miaka 31, kilo 94 (najua, najua). Kuogelea naweza kiasi, bila kukanyaga chini nakaa dakika mbili tatu hivi kisha naanza kutafuta mtu wa kumshika. Kwenye boti ya Zanzibar nilitapika kabla hatujaipita Mbudya. Wife kagoma kabisa, anasema hajasahau ile meli iliyozama Nungwi 2011, nikamwambia ile ilikuwa meli kubwa na hii ni ngalawa, akasema ndo mbaya zaidi, hapo sikuwa na jibu.

Naombeni mnielekeze, navaa nini, nafanya nini humo ndani, na nifanye mazoezi gani hapa hapa Dar kabla sijaenda kuaibika mbele ya ukoo. Nina wiki tatu.

Chumvi Mwana

Kilo 94 hahahaha mkuu we huendi kucheza resi we unaenda kutiwa kama nanga. Naweka kambi hapa.

Bin Mkokotoni

Aliyecheka hapo juu kaukaribia ukweli bila kujua.

Mimi nimekulia Mkokotoni, Unguja, sasa hivi nipo Kigamboni, ngalawa nimezijua kabla ya baiskeli. Nikujibu taratibu maana swali lako zuri. Ngalawa mwili wake ni gogo moja la mwembe limechongwa, ndani nyembamba kiasi mtu wa mwili wako anakaa magoti yamebana, na ndo maana inafungwa mirengu, ile miti ya pembeni, huku na huku isipinduke. Sasa kwenye resi hawaweki lile tanga la kuvulia, wanatweka tanga ambalo ukiliona unasema hili la mashua limepotea njia. Kusi, upepo wa kusini, likilijaza lile tanga chombo kinalala, ule mrengu wa chini unaingia majini na kuanza kulima kama jembe, na hapo mwendo umekufa. Dawa yake ni moja, mtu apande kwenye mrengu wa juu, upande upepo unakotoka, upande wa joshi, na awe mzito. Huyo mtu ndo wewe. Kwenye majahazi ya zamani kazi hiyo ilifanywa na mawe na mchanga, inaitwa farumi. Wewe umeitwa uwe farumi. Usijisikie vibaya, una faida moja kuliko mawe, unahama mwenyewe.

Na kuhama ndo kazi yenyewe. Upepo ukiwa wa omo, yaani unawajia usoni, chombo hakiendi moja kwa moja, kinakwenda kwa kubisha, huku kidogo kule kidogo. Kila mnapogeuka foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, inasimamishwa imebanana na mlingoti, inapitishwa mbele, kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, nayo inazungushwa mbele, tanga linahamia upande wa pili, na wakati huohuo wewe unatakiwa utoke mrengu huu uwe umeshakaa mrengu ule. Ukiwahi sana mmelala, ukichelewa mmelala. Hakuna mtu atakayekuita kwa jina, utasikia tu kelele.

Mimi resi yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita na nikavaa jinzi nionekane. Tunageuka, suruali ikanasa kwenye kifundo cha kamba iliyofunga mrengu, wenzangu wameshahama mimi nimebaki upande wa chini nusu mwili majini, na mjomba aliyeshika usukani ananitukania ukoo mzima na ukoo ni wake pia. Kwa hiyo vaa bukta, fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya jua, na usivae kitu chenye mfuko wala mkanda.

Utapewa na kopo. Aliye farumi ndo anafua maji pia, yaani kuyachota humo ndani na kuyamwaga nje, huwezi kukaa pale bure. Ukiambiwa lirushie tanga maji usishangae, kitambaa cha pamba kikiloa kinaziba vile vitundu na upepo hauvuji. Kama tanga lao limeshonwa kwa viroba au turubai hiyo kazi huna.

Halafu kuna kitu kimoja muulize ba'mdogo wako MAPEMA kabla hamjaingia majini. Mkitoka wanne mnatakiwa mrudi wanne? Kwetu zamani hatukuwa tunahesabiana, upepo ukifa mnahodha anamwangalia mnene anamwambia ruka, chombo kinapata wepesi mnakwenda. Kuna vijiji wanahesabu vichwa kutoka na kurudi kama wanafunzi kwenye basi la safari. Uliza.

Mama Dagaa

Mdogo wangu mimi sichezi resi (na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka, na tanga naweza kutweka kuliko nusu ya hao vijana, ila tuyaache). Mafia naenda mara kwa mara kwa biashara ya samaki wakavu kwa hiyo nikusaidie hapo kwenye kutapika na njia.

Wewe una bahati unakaa Rangi Tatu, magari ya Nyamisati yanaanzia hapo hapo kwenu. Barabara kuu mnaiacha Bungu mnaingia ya Nyamisati, kisha unavuka kwa chombo mpaka Kilindoni, bandari ya Mafia, masaa kama manne kutegemea bahari imeamkaje. Muda wa kuondoka uulize siku moja kabla maana unabadilika, usije ukalala Nyamisati mbu wa pale hawana adabu. Mwanzo mnapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji maji yametulia kama bwawa, watu wanakula mihogo wanapiga stori, ukitoka mdomoni mwa mto ukaingia bahari kuu kusi linakupokea na ndo mihogo inarudi.

Kichefuchefu usiende na tumbo tupu na usiende na tumbo la pilau. Kula mkate au kiazi kikavu, tafuna tangawizi mbichi, kaa katikati ya chombo, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na SIMU WEKA MFUKONI. Nyie mafundi simu ndo mnaongoza kutapika mnaangalia kioo chini. Zile dawa za duka la dawa unameza kabla ya safari kama saa moja, ila zinaleta usingizi, kwa hiyo meza ya kuvukia usimeze siku ya resi ukasinzia juu ya mrengu.

Mwambie mkeo nampa pole. Asikukataze, akusindikize.

Roho Mkononi

Naona watu wanapiga stori za kuchekesha na hakuna aliyetaja boya la kuvaa. Mkuu unasema unaogelea dakika mbili tatu. Hiyo ina maana hujui kuogelea. Ngalawa ikipinduka mbali na ufukwe mnaweza kukaa mmeing'ang'ania nusu saa kabla hamjafikiwa. Nunua jaketi la kuokolea uende nalo, usitegemee la kijijini. Pia kila siku angalia taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 ujue hapo resi iahirishwe, na kama haiahirishwi we kaa nchi kavu upige picha. Mwezi wa nane kusi halijaisha nguvu.

Bin Mkokotoni

Mkuu Roho upo sahihi kuhusu hali ya hewa. Kuhusu jaketi, yale makubwa ya rangi ya chungwa kwenye ngalawa ni mtihani, unapita chini ya foromali linanasa, tumeona mtu kavutwa na kamba kwa sababu ya mikanda ya jaketi. Watu wa pwani hawavai.

Roho Mkononi

Watu wa pwani hawavai na watu wa pwani wanazikwa. Mimi kaka yangu tulimsubiri siku mbili pale Kunduchi na alikuwa anaogelea kuliko wewe. Usimwambie mtu wa kilo 94 anayeogelea dakika mbili eti jaketi linanasa.

Bin Mkokotoni

Pole sana ndugu yangu, hilo sikulijua. Naondoa kauli. Fundi tafuta yale membamba ya kukaa kifuani tu, yanafungwa kwa zipu hayana mikanda ya kuning'inia, hayo unahama nayo vizuri. Na mkipinduka usikiache chombo. Hata kikijaa maji gogo la mwembe linaelea, likumbatie.

Baharia Mstaafu

Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nimezunguka na meli za mizigo miaka mingi, na kitu nilichogundua ni kwamba watu wa visiwa wote wanafanana. Huko Karibi, nchi ya Grenada, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Carriacou, nacho kila mwaka kina resi za mashua za kuundwa hapo hapo kisiwani, zilianza 1965. Aliyezianzisha aliona mafundi wa kuunda mashua wanaisha, akasema tukiweka mashindano watu watataka mashua mpya na nzuri, na kweli watu wakarudi kuunda. Mashua wanaziundia ufukweni kabisa na siku ya kuishusha majini wanachinja, wanapika, kijiji kizima kinavuta kamba. Nilisimama pale nikajiona nipo Nungwi.

Kwetu hapa mwembe mkubwa wa kuchonga ngalawa kuupata siku hizi ni kazi, na kijana akipata hela ananunua boti ya faiba na mashine. Zanzibar resi za majahazi pale mbele ya Forodhani ziliingizwa kwenye tamasha la filamu la nchi za jahazi lililoanza 1998, Lamu nao wanazo wakati wa Maulidi. Sasa huyo ba'mdogo wako bado ana ngalawa ya gogo na anaikimbiza. Nenda.

Na Bin Mkokotoni hujamwambia habari ya maji.

Bin Mkokotoni

Shikamoo mzee wangu. Kweli, nilisahau.

Fundi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakuwa ya bamvua, yanajaa sana na kutoka sana, tofauti inapita mita tatu. Mwambao wetu huu siku za bamvua yanajaa saa kumi hivi na kupwa saa nne hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Resi za kijijini zinapangwa na hesabu hiyo, mnatoka maji yanajaa mnarudi kabla hayajaanza kutoka, la sivyo mnapanda fungu la mchanga mnakaa hapo mnangoja kesho. Hesabu ni nzuri sana na haikosei. Kinachoharibu siku zote ni mgeni rasmi.

Fundi Msimbazi

Wakuu nimerudi kutoa ripoti ya mazoezi. Shikamoo mzee Baharia, shikamoo Mama Dagaa, Roho Mkononi pole sana kaka, jaketi nimenunua lile jembamba, wife kalijaribu yeye kwanza akaruka nalo sebuleni sijui alikuwa anapima nini.

Jumamosi nilienda Kunduchi alfajiri nikaongea na mzee mmoja mvuvi, nikampa elfu ishirini anibebe masaa mawili. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini akasema we leo utanisaidia, upepo upo. Kumbe anajua.

Aisee mrengu. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba hukalii ubao, unakalia mti wa duara mnene kama mkono, umefungwa kamba, na chini yako ni bahari inapita kwa kasi, mguu mmoja umeukunja mwingine unaburuza majini, mkono umeshika kamba inayotoka kwenye mlingoti. Dakika tano za kwanza nilikuwa namuomba Mungu, dakika ya kumi nikaanza kuipenda. Mzee akisema toka nje natoka nje, akisema ingia naingia, na mrengu wa chini ule naona kabisa nikitoka nje unainuka kutoka majini na chombo kinaruka mbele kama kimesukumwa. Nilivyoona hivyo nikaelewa farumi.

Kugeuka nilikosea mara tatu. Ya kwanza niliwahi, mzee akasema kitu cha Kimakonde sikukielewa. Ya pili nikachelewa, maji yakaingia mpaka kwenye birika lake la chai. Ya tatu kichwa kikakutana na foromali. Ya nne akaniambia usiangalie watu, usiangalie bahari, angalia ncha ya foromali, ikisimama wima na mlingoti ndo unyanyuke, ikivuka ndo ukae. Kuanzia hapo sikukosea tena. Viganja vimechubuka, jana nimeshindwa kushika bisibisi, mteja kaniuliza umepigana na nani.

Sikutapika. Tangawizi nimetafuna mpaka ulimi umekufa ganzi.

Chumvi Mwana

Ncha ya foromali hahaha fundi kashakuwa baharia. Mi nilidhani utakimbia hii safari.

Mama Dagaa

Paka mafuta ya nazi kwenye viganja usiku uvae soksi mikononi. Siku ya resi usivae glavu, zikiloa zinateleza. Mungu akutangulie.

Fundi Msimbazi

Wakuu, nimerudi Dar jana usiku. Kaeni vizuri maana hii ndefu.

Nimefika Kilindoni Alhamisi, ba'mdogo kanipokea na pikipiki, kwenda kijijini hajanipa hata maji ya kunywa kanipeleka ufukweni moja kwa moja. Ngalawa imepandishwa mchangani imelazwa ubavu, wanaichoma! Wamekusanya makuti makavu wanawasha wanapitisha moto chini ya chombo chote, wanaua wale wadudu wanaotoboa mbao na kukausha unyevu, kisha wanakwangua, kisha wanapaka sifa. Mafuta ya ini la papa. Kama hujawahi kuinusa sifa mshukuru Mungu wako. Mimi ndo niliyepewa kupaka chini kwa sababu mikono yangu tayari ilikuwa imeharibika, maneno yake ba'mdogo. Harufu imeingia kwenye ngozi, kwenye gari la kurudi Rangi Tatu nilikaa siti ya watu watatu peke yangu.

Siku ya resi ngalawa kumi na moja. Ilikuwa bamvua, ratiba inasema tunatoka saa nane na nusu, tunazunguka boya kule mbali mbele ya ras, ile ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini, tunarudi kabla ya saa kumi na moja. Bin Mkokotoni wewe ni mganga? Mgeni rasmi kafika saa kumi kasoro robo. Hotuba dakika ishirini. Sisi tumesimama majini mpaka magotini kila mtu kashika chombo chake jua linatupiga, wazee wanaangalia maji wanatingisha vichwa. Tumeachiwa saa kumi na robo.

Filimbi ikilia mnasukuma, mnaruka ndani, tanga linatwekwa mkiwa mnaenda. Sisi tulikuwa wanne, ba'mdogo usukani, mtoto wake kwenye demani, jamaa mmoja mwembamba kama fito kule mbele omo, na mimi. Tulivyotoka kwenye kivuli cha ras kusi likatukamata matanga kati, yaani ubavuni, tanga likajaa likalia kama mtu kapiga kofi, ba'mdogo akapiga kelele moja tu, NJE, nikatoka nje mpaka mwisho kabisa wa mrengu. Wakuu sijawahi kwenda mwendo ule kwenye kitu kisicho na injini. Vile vyombo vya vijana wembamba vilikuwa vinalala, mirengu inalima maji, wanapunguza tanga, na sisi tunapita. Tumepita wa kwanza, wa pili, kwenye kubisha kuelekea boya tumepita wengine wawili na sikukosea kuhama hata mara moja. Tumezunguka boya tukiwa wa pili. Wa pili kati ya kumi na moja! Nilikuwa nimeshamchinja yule mbuzi kichwani.

Kurudi sasa. Jua linaelekea kuzama, tumeingia tena nyuma ya ras, upepo ukaanza kukata. Ukakata ukakata. Tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Kimya, unasikia watu wanaimba ufukweni na sisi hatuendi. Wa kwanza naye kasimama mbele yetu pale, yaani unaweza kumrushia jiwe. Na nyuma ndo wakaanza kuja wale vijana wepesi, pumzi kidogo tu inawatosha, wanakuja polepole kama wanaletwa.

Ba'mdogo hakusema kitu. Kaangalia nyuma. Kachungulia maji. Kaniangalia mimi.

Nikamwambia ba'mdogo hapana. Akasema maji ya kiuno haya, fungu hili nalijua, ruka. Nikaruka. Yalikuwa ya kifua, ila sawa. Chombo kikanyanyuka pale pale nikaona kinaanza kuteleza, mtoto wake ananipungia mkono.

Basi mimi nikaanza kutembea. Maji yanatoka kwa hiyo kila hatua yanapungua, kifua, kiuno, mapaja, nakwepa vile vidude vyeusi vya miba, jaketi nimelivaa nafanana na askari wa bandari. Nikiangalia pembeni nawaona wenzangu wanakuja sambamba na mimi. Nikiangalia tena wapo nyuma kidogo. Wakuu nimefika ufukweni kabla ya chombo changu. Watu waliponiona natoka majini peke yangu wakajua ngalawa imezama, shangazi yangu kapiga yowe, wanaume wameanza kuvua mashati, mimi napiga kelele hatujazama, nimeshushwa!

Ngalawa yetu ikafika, ya pili. Shangwe. Mzee wa kamati kaja na daftari, kahesabu moja, mbili, tatu, kaangalia daftari, kasema mlitoka wanne.

Ba'mdogo kanyoosha kidole kwangu, "wa nne si huyo hapo, tena kafika wa kwanza!"

Chumvi Mwana

NIMEKUFA. Nimekufa mimi.

Bin Mkokotoni

Si nilikuandikia MAPEMA uulize??? Kwa herufi kubwa kabisa.

Fundi Msimbazi

Nilisahau mkuu, wallahi nilisahau, nilivyoona wanachoma chombo akili yote ikahamia kule. Kesi imeenda mpaka baada ya Isha. Upande wetu tulijitetea kwamba wanne wametoka na wanne wamerudi, hakuna sheria inayosema warudi pamoja. Kuna mzee mmoja wa kijiji cha pili akasema basi mwakani wao watakuja na watu watano wawashushe wote watembee. Hapo tukaonekana hatuna hoja. Wametufuta kwenye nafasi, tumepewa sufuria la kifuta jasho, lipo kwa shangazi. Mbuzi kaenda kwa wale waliokuwa mbele yetu, na nyama walitutumia, siwezi kulalamika.

Baharia Mstaafu

Huyo mnahodha alifanya hesabu sahihi kwa bahari na hesabu mbovu kwa kamati. Mgeni rasmi angefika saa nane wala usingeshuka.

Roho Mkononi

Nimefurahi umerudi salama, na nimefurahi kusikia ulikuwa na jaketi wakati unarushwa baharini na ndugu yako wa damu. Maji ya kiuno yaliyofika kifuani, ungekuwa mfupi je?

Mama Dagaa

Na mkeo kasemaje?

Fundi Msimbazi

Roho hilo nimemuuliza ba'mdogo, kasema angekuwa mfupi asingekuwa kilo 94. Mama, wife kacheka mpaka kakaa chini, ila nguo za sifa zipo nje ya geti siku ya pili na kaniambia zikiingia ndani natoka mimi. Ba'mdogo kapiga leo asubuhi, mwakani ananitaka tena, kaniuliza kilo ziko palepale?

Chumvi Mwana

Mkuu tukiachana na hayo, mi jana simu yangu imeingia maji ya bahari pale Coco, nikuletee?

Fundi Msimbazi

Usiiwashe, usiichaji, na huo mchele uliouwekea utoe ukapike. Niletee kesho kabla ya saa nne.